Kukata bodi za melamini na fomeka bila kumegua kingo: mwongozo kamili

Mtu akinunua bodi nyeupe ya melamini, akaipima kwa uangalifu wote, kisha akaikata na kupata ukingo wenye mapengo, jambo la kwanza analolilaumu ni mashine. Huazima msumeno wa bei kubwa zaidi, akakata tena, na mapengo yakarudi palepale. Kosa, mara nyingi, liko kwenye upande ambao jino la msumeno linatokea. Uso wa melamini ni karatasi iliyoloweshwa utomvu ambao ukishakauka huwa mgumu na mwepesi wa kuvunjika kama kioo, na jino linapotoka kwenye uso huo bila kukuta kitu kinachoukandamiza, hung'oa kipande badala ya kukikata.

Hatua zote zilizomo humu zinaifuata kanuni hiyo moja. Zimekusudiwa fundi mwenye karakana ndogo, na pia mwenye nyumba anayejitengenezea kabati, awe Mji Mkongwe, Mwanakwerekwe au Chake Chake hapa Zanzibar, ambaye ana msumeno wa umeme wa mkononi lakini hana mashine kubwa ya kukatia bodi.

Vifaa vya kuandaa

- Msumeno wa umeme wa mkononi wenye kinga inayojifunga yenyewe baada ya kukata.
- Diski ya msumeno ya meno mengi. Kwa diski ya milimita 184 au 190, tafuta yenye meno 60 hivi au zaidi, yaliyotiwa ncha za kabaidi. Ile ya meno 24 inayokuja na mashine ni ya kupasulia mbao za kenchi, iweke kando.
- Mbao nne zilizonyooka za kulaza bodi juu yake, au bodi chakavu ya kuiweka chini ya bodi nzima.
- Klampu mbili au zaidi, futi, skwea ya kupimia pembe mraba, na penseli iliyochongwa vizuri.
- Kisu chenye wembe mpya. Kwa fomeka, yaani karatasi ngumu ya rangi inayogundishwa juu ya bodi, kisu cha ncha ngumu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchanja.
- Utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi.
- Msasa namba 180 na 240, kibao cha kuushikia, na tupa ya meno laini.
- Miwani ya kinga, vizibo vya masikio, na barakoa ya daraja la FFP2 au N95.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakimo kwenye orodha hii kwa makusudi, nacho ni grenda. Wapo mafundi wanaofunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grenda kwa sababu ndiyo mashine iliyopo karibu. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali msumeno wa mkononi huzunguka karibu mara 5,000. Kinga yake haikuundwa kwa diski yenye meno, na jino likikwama kwenye bodi, mashine humrukia mshikaji kabla hajatanabahi. Bora ukate kwa msumeno wa mkono wa kawaida kuliko kufanya hivyo.

Hata diski halali ya msumeno ikaguliwe kabla ya kufungwa. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski isiwe ndogo kuliko kasi iliyoandikwa kwenye mashine, na tundu la katikati lilingane na shafti bila kuchezacheza.

Mavazi, umeme na vumbi

Usikate ukiwa umevaa kanzu, kikoi kinachoning'inia au nguo yenye mikono mipana. Mwanamke anayefanya kazi hii achomeke ncha za mtandio ndani ya nguo au avae kofia ya kubana. Glavu zinafaa wakati wa kubeba bodi, kwa maana kingo za fomeka hukata ngozi kama wembe, lakini zivuliwe kabla ya mashine kuwashwa, kwa kuwa diski ikiunasa uzi wa glavu huvuta na mkono.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo hakuna asiyelijua hapa kwetu, achia swichi, hakikisha haikujifunga mahali pa kuwasha, kisha uchomoe waya. Umeme ukirudi ghafla huku swichi ikiwa imejifunga mahali pa kuwasha, msumeno utaanza kuzunguka bila mtu kuushika. Waya wa kurefushia nao uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5 hivi, na ufunguliwe wote kutoka kwenye kibiringo chake. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya umeme inayofika kwenye mota, diski ikazunguka kivivu, na diski inayozunguka kivivu humegua.

Vumbi la chipbodi na la MDF, zile bodi za mbao zilizosagwa zilizo chini ya uso wa melamini, ni la kuogopwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ndani yake mna chembe za mbao pamoja na gundi ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa fomaldihaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, limeviweka vyote viwili, vumbi la mbao na fomaldihaidi, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Kata nje inapowezekana, usimame upande unakotoka upepo, na ukumbuke kwamba ua uliokuwa mzuri wakati wa kaskazi unaweza kulirudisha vumbi lote usoni wakati wa kusi. Ukimaliza, nyunyiza maji kidogo ndipo ufagie.

Hatua ya 1: Kagua bodi

Bodi nyingi hutufikia kwa kuvuka bahari, kisha hupakiwa kwenye mkokoteni, na pembe zake huumia njiani. Pitisha kidole kwenye kingo zote nne. Mahali palipovimba ni dalili kwamba chipbodi imekunywa maji, na hapo hapatarudi kuwa sawa hata ukipaanika; panga kupakata na kupatupa.

Usiichukulie pembe ya kiwandani kuwa imenyooka mpaka uipime kwa skwea. Bodi iliyoegemezwa ukutani kwa wiki nzima wakati wa masika hupinda, na bodi iliyopinda hubana diski. Ilaze chali juu ya sakafu iliyo sawa, chini ukiweka vibao ili unyevu usiiguse.

Hatua ya 2: Pima, ukihesabu unene wa diski

Diski hula nyenzo. Njia inayochimbwa na jino huwa na upana wa milimita 2 hadi 3, na asiyeuhesabu upana huo hujikuta na kipande cha mwisho kilichopunjika. Tuseme una bodi ya urefu wa milimita 2440 na unataka rafu tano zilizo sawa. Kwenye karatasi kila rafu ni 488. Kwa diski inayokula milimita 2.5, mikato minne itameza milimita 10, na ukipima zote tano kwa pamoja kuanzia ukingo mmoja, utapata vipande vyenye upungufu. Pima kimoja, ukate, kisha upime kinachofuata kuanzia kwenye ukingo mpya, na urefu wa rafu uupange kuwa 486.

Katika nyumba za Mji Mkongwe kuna la ziada. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazikunyooka kama za matofali, na upana wa shubaka chini unaweza kutofautiana kwa kidole kizima na upana wa juu. Pima mahali patatu, chukua kipimo kidogo, na pengo litakalobaki ulifunike kwa kipande chembamba kilichochongwa kufuata ukuta. Tena, kabla ya kubeba bodi nzima, fikiria kama itaweza kukata kona kwenye ngazi na vichochoro. Mara nyingi ni afadhali kupunguza vipande huko karakanani, ukiacha milimita 10 za ziada kila upande.

Chora mstari kwa penseli nyembamba, na weka alama ya X kwenye upande unaotupwa. Diski ipite ndani ya upande wa X, isipande juu ya mstari.

Hatua ya 3: Amua uso upi uangalie chini

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengenea, kwa hiyo tusipite haraka.

Msumeno wa umeme wa mkononi huzunguka hivi kwamba meno yaliyo mbele hupanda. Yanaingia kwenye bodi kutokea chini na kutoka juu. Uso wa juu ndio unaomeguka, basi uso mzuri, ule utakaoonekana kabatini, ulale chini.

Msumeno wa mezani ni kinyume. Meno yanayoikabili bodi hushuka, hivyo uso mzuri uwe juu. Msumeno wa mkono wa kawaida hukata unaposukumwa kwenda mbele na chini, kwa hiyo nao unataka uso mzuri juu, meno madogo, na uulaze uwe karibu na bodi badala ya kuusimamisha. Jigsoo, msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka, ikiwa na wembe wa kawaida hukata inapopanda. Uso mzuri chini, na kile kitufe cha kuyumbisha wembe mbele na nyuma kiwekwe sifuri. Zipo nyembe za jigsoo zilizogeuzwa meno, na hizo hutaka uso mzuri juu, ila mashine nayo hukinyanyua kitako chake, yaani bamba la chini linaloteleza juu ya bodi, hivyo ni lazima uikandamize kwa nguvu zaidi.

Usiyeamini maneno haya, chukua kipande chakavu, kata, na uangalie upande ulioharibika. Jaribio hilo halipotezi hata dakika tano, na linakueleza habari za diski yako mwenyewe.

Lakini mlango wa kabati unaonekana nyuso zote mbili. Kwa mlango, uso ambao jino linatokea ni lazima uchanjwe kwanza au ukandamizwe, kama inavyoelezwa katika hatua ya 5 na ya 6.

Hatua ya 4: Laza bodi isibane diski

Panga mbao nne sakafuni au juu ya meza, mbili kila upande wa mstari wa kukata, kiasi kwamba vipande vyote viwili vitabaki vimelala baada ya kutengana. Watu huiweka bodi juu ya viti viwili, kimoja kila mwisho, na kukata katikati. Bodi huanza kulegea inapokaribia kukatika, mkato hujifunga juu, diski hubanwa, na msumeno hurushwa nyuma kumwelekea aliyeushika. Huu ndio mrusho unaojeruhi mapaja na mikono.

Kulaza bodi juu ya bodi chakavu ni bora zaidi, kwa kuwa uso wa chini unapata mshikizo mwanzo hadi mwisho. Diski itachanja mfereji mdogo kwenye ile chakavu, na hilo halina neno.

Hatua ya 5: Tengeneza njia ya msumeno

Mkono peke yake hauwezi kunyoosha mkato wa mita mbili. Unaweza kufunga kipande cha alumini kilichonyooka na kukiegemeza kitako cha mashine, lakini iko njia bora ambayo gharama yake ni mabaki ya karakana.

Chukua kipande cha plaiwudi cha milimita 6, chenye upana wa sentimita 30 hivi, na juu yake gundisha kibao kilichonyooka, cha milimita 12, kando ya ukingo mmoja. Hakikisha kibao hicho hakigongani na mota unapopita. Gundi ikikauka, tembeza msumeno kitako chake kikiegemea kibao, na ukate ziada ya plaiwudi. Sasa ukingo wa plaiwudi unaonyesha, bila hesabu yoyote, mahali hasa jino litakapopita.

Faida yake ya pili ndiyo kubwa. Unapoufunga ukingo huo juu ya mstari wako, plaiwudi inaukandamiza uso wa juu, ule ambao meno yanatokea, kando kabisa ya mkato. Upande unaobaki hutoka msafi. Upande wa X utameguka, na wa kutupwa haulaumiwi. Fungia njia hii kwa klampu juu ya kipande unachokihifadhi, kamwe si juu ya kinachotupwa. Njia ikishatengenezwa kwa diski fulani, itumike kwa diski hiyo tu.

Hatua ya 6: Chanja

Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari kwenye uso wa kutokea, ukiukandamiza vizuri. Utepe husaidia, ingawa hauponyi kila kitu kama wengine wanavyodai. Kazi kubwa inafanywa na kisu.

Weka rula ya chuma upande wa kipande unachokihifadhi, na upitishe kisu mara ya kwanza kwa wepesi sana, kama unayechora tu. Mara ya pili na ya tatu ongeza nguvu. Ukianza kwa nguvu, kisu huteleza na kuacha kovu katikati ya bodi. Unachotaka ni kukata ile karatasi ngumu ya juu, ambayo haifiki nusu milimita, ili jino litakapong'oa, mmeguko ukomee kwenye chanjo.

Dalili ya kufaulu: ukipitisha ukucha, unakwama kwenye mfereji mwembamba mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 7: Weka kina, kisha kata

Chomoa waya kabla ya kurekebisha chochote. Shusha diski mpaka meno yapite chini ya bodi kwa milimita 3 hadi 6 tu, ukihesabu pia zile 6 za njia ya plaiwudi. Kina kidogo hulifanya jino litoke kwa kulala badala ya kusimama wima, na hupunguza kumegua. Tena huacha nje meno machache tu yanayoweza kumdhuru mtu.

Hakikisha kinga ya chini inafunguka na kujifunga bila kukwama. Yeyote aliyeifunga kwa waya au kabari ili isimsumbue aifungue kabla ya kuendelea.

Waondoe watoto. Simama kando ya mstari wa diski, si nyuma yake. Washa, subiri mashine ifikie kasi yake kamili, ndipo uguse bodi. Sukuma kwa mwendo mmoja usiobadilika: ukikimbiza, jino moja hulazimika kubeba kazi ya mengi na kumegua, ukisitasita, diski hupata moto, na utaona ukingo una weusi wa kuungua. Sikiliza mota. Sauti ikishuka, punguza mwendo bila kusimama.

Usirudishe msumeno nyuma diski ikizunguka, hata kwa kidole kimoja. Ukipotea mstari, achia swichi, ngoja isimame kabisa, kisha uanze upya. Kuna wanaofundisha kuchanja kwa kuvuta msumeno kinyumenyume kwa kina kidogo. Kwa msumeno wa kawaida wa mkononi hilo ni kujitafutia balaa, maana meno huipanda bodi na kuikimbiza mashine mikononi.

Fomeka peke yake

Karatasi ya fomeka, yenye unene wa karibu milimita 1, haihitaji msumeno. Ilaze uso wa rangi juu, weka rula, na uchanje mara kadhaa kwa kisu cha ncha ngumu mpaka uvuke tabaka la rangi na kuingia kwenye karatasi ya kahawia iliyo chini. Kandamiza rula kwenye mstari, kisha nyanyua upande wa pili kuelekea juu, uso wa rangi ukijikunja ndani. Ukiikunja kuelekea chini, mpasuko huweza kukimbia pembeni.

Ikate kubwa kuliko bodi kwa milimita 5 hadi 10 kila upande, na ziada uiondoe baada ya kugundisha, kwa rauta, mashine ya kunyoa kingo, au kwa tupa. Tupa isukumwe kutoka kwenye uso kuelekea ndani ya bodi. Ikivutwa kwenda juu hubandua ukingo. Gundi ya kubandikia fomeka hutoa mvuke unaowaka, basi madirisha yawe wazi na sigara iwe mbali, pamoja na jiko la mkaa la jirani.

Hatua ya 8: Malizia kingo

Futa vumbi, kisha pitisha msasa 180 uliozungushiwa kibao, ukiulaza kidogo na kusukuma kutoka usoni kwenda katikati ya unene wa bodi. Mara mbili tatu zinatosha. Malizia na 240. Ukingo uliokatwa vizuri unang'aa mstari mmoja wa rangi, na ukiuangalia dhidi ya mwanga wa dirisha hauonyeshi vitone vyeusi.

Kingo zote zifunikwe, hata zile zisizoonekana. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na chipbodi iliyoachwa wazi chini ya sinki huanza kuvimba mapema. Utepe wa kubandika kwa pasi unafaa kwa kabati la nguo. Jikoni, paka pia varnishi kwenye kingo za chini na za nyuma, na utie silikoni mahali sinki inapokutana na bodi.

Ukiona kasoro

Mapengo yakiwa upande mmoja tu, bodi ililazwa kinyume au uso wa kutokea haukuchanjwa. Yakiwa pande zote mbili, diski ni butu au imefungwa ikiwa imepinda. Weusi wa kuungua na moshi ni dalili ya diski chafu au mwendo wa kusitasita. Mkato ukiwa umelala, kitako cha mashine hakiko digrii 90 na diski. Kipime kwa skwea, waya ukiwa umechomolewa, wala usiamini alama zilizochapishwa kwenye mashine.

Diski ambayo imekuwa ikikata melamini hujaa utomvu mweusi ubavuni mwa meno, na hapo huonekana butu kumbe ni chafu tu. Ifungue, iloweke kwenye maji moto yenye sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe mara moja, na uipake mafuta membamba ili chumvi ya baharini isiitie kutu. Kabla ya mkato unaofuata, yafute mafuta hayo yote, kwa kuwa yakibaki huingia kwenye ukingo wa bodi na kuuzuia utepe kushika.